Kibuyu na Mpinzani Wake

Gĩcaandĩ ni kibuyu chenye mbegu ndani, kikitikiswa hutoa mdundo, na ganda lake limechorwa alama. Kila alama humkumbusha mwimbaji ubeti wake, na kila ubeti ni fumbo. Kwa Wagĩkũyũ wa Nyeri na majirani zao, jina la kibuyu ndilo pia jina la utungo wenyewe. Waimbaji wawili walikutana sokoni, watu wakawazunguka. Mmoja alitega, mwenzake akategua kisha naye akatega lake, na aliyekwama aliweza kuondoka pale mikono mitupu, kibuyu chake kikiwa kwa mwingine. Anayekijua kibati cha Pemba, au mashairi ya malumbano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ataona undugu mara moja. Kimani Njogu, msomi wa Kiswahili, aliuona na kuuandikia utafiti mzima.

Nauleta ushindani huu kwa sababu ya swali la zamani: watu wasioandika walijuaje koo zao zilitoka wapi? Wakirgizi wa Asia ya Kati hujibu kwa Manas, utendi ambao mwimbaji mmoja, Sayakbay Karalaev, aliuacha na mistari zaidi ya laki tano. Anayetafuta habari za koo za kale za wahamaji wa Kituruki hukaa na utendi ule kama mtu anayechambua mchele. Mlima Kenya hauna kitu cha urefu huo. Mzee wa Othaya au Mathira hatakuimbia safari ya ukoo wake tangu mwanzo hadi mwisho. Kumbukumbu hapa iligawanywa: hadithi zilishika majina, marika yakashika miaka, na gĩcaandĩ, kwa maoni yangu, ikafundisha adabu ya kuhojiana.

Majina kwanza. Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza katika hadithi, makao yao Mũkũrwe wa Nyagathanga kule Mũrang'a, na mabinti tisa ambao kwa kweli ni kumi, maana wa mwisho hahesabiwi. Koo zikabeba majina ya wanawake: Anjirũ, Ambui, Acera, Agacikũ na wenzao. Gakaara wa Wanjau, mchapishaji wa Karatina aliyepata Tuzo ya Noma mwaka 1984, alizitungia kitabu, Mĩhĩrĩga ya Agĩkũyũ. Ukizunguka mlima hadi Meru, hadithi ni nyingine kabisa. Huko wazee husimulia utumwa katika nchi ya Mbwaa na jinsi walivyovuka maji kutoroka. Waliovuka usiku ni koo nyeusi, waliovuka alfajiri ni nyekundu, waliovuka mchana ni nyeupe. Wapo watafiti walioitafuta Mbwaa upande wa Lamu. Iwe ilikuwako au haikuwako, tazama ustadi wake: mtoto akiambiwa rangi ya ukoo wake amekwisha kupewa saa aliyovuka babu yake.

Lakini kazi inayonistaajabisha zaidi ni ya marika. Vijana waliotahiriwa pamoja walipewa jina, na mara nyingi jina hilo lilitokana na jambo la wakati huo. Mũtung'ũ ni ndui. Waliotahiriwa mwaka 1940 wakaitwa Forty, na vijana hao ndio waliokuja kuitikisa Nairobi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Godfrey Muriuki aliielewa thamani ya majina hayo. Katika A History of the Kikuyu 1500–1900, kilichotoka mwaka 1974, aliwasikiliza wazee wa pande mbalimbali na kuyaweka marika ya huku kando ya marika ya kule. Picha ikajitokeza polepole: watu wanaosogea kutoka upande wa Mbeere, wanaweka maskani Mũrang'a, kisha wengine wanapanda kaskazini hadi Nyeri na wengine wanashuka kusini hadi Kĩambu, wakikutana njiani na Waathi na Wagumba waliowatangulia. Hiyo si safari ya wana wa mama mmoja. Ni vikundi vingi vilivyochelewa kuwa kimoja.

Subira ya namna hiyo ya kulinganisha inahitajika kwa sababu kumbukumbu ya ukoo haikuwa burudani tu. Aliyefyeka msitu kwanza ndiye aliyeanzisha mbari, yaani ukoo mdogo wa uzao wake, na mbari ndiyo iliyomiliki gĩthaka, ardhi yake. Kuwataja mababu kwa mpangilio kulikuwa hati miliki. Tume ya Ardhi ya Kenya ilipoketi kuanzia mwaka 1932, wazee walisimama mbele yake na nasaba zao, na si kila nasaba ilikubaliana na ya jirani. Mtu mwenye shamba la kutetea hukumbuka vizuri sana, pengine kupita kiasi. Dawa yake ni ile ile ya sokoni: awepo wa pili, anayejua habari hizo hizo na asiye na sababu ya kukuonea haya.

Waimbaji wa gĩcaandĩ wamekwisha kupungua sana. Padre Vittorio Merlo Pick wa shirika la Consolata alichapisha mafumbo na tungo za gĩcaandĩ mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa gerezani Kamiti, alimpa mwimbaji wa gĩcaandĩ kazi ya kusimulia Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shetani Msalabani. Vitabu hivyo ni hazina, ila mwimbaji aliyechapwa kitabuni hana wa kumjibu.

Basi wewe mwenye babu au nyanya Tetu, Karatina, Kerugoya au Chuka, ukienda kumrekodi kwa simu, usiende kwa mmoja. Mwite na jirani wa mbari nyingine, wakae pamoja, uwawekee chai, kisha uwaache wabishane. Wakifika mahali wasipokubaliana, usizime simu.