Juu ya Sinema Moja ya Wajapani: Watu-mbwamwitu na Swali la Muuaji

Ndugu mmoja wa seminari kubwa aliniuliza, wakati wa likizo, kama inafaa mseminari atazame sinema za michoro za Wajapani, zile zinazoitwa anime, na hasa zile zenye mazimwi na wafu wasiokufa. Nilimwambia: ngoja nitazame kwanza, kiisha nitakujibu. Basi nilitazama moja hata mwisho, na jibu langu limekuwa refu kuliko swali lake.

Sinema yenyewe inaitwa Undead Murder Farce. Ilionyeshwa kwa televisheni ya Japani mwaka 2023, toka mwezi wa saba hata mwezi wa tisa, katika sehemu 13. Mwongozi wake ni Mamoru Hatakeyama, nayo imetolewa katika vitabu vya Yugo Aosaki. Mambo yake mengi yanatokea Ulaya, mwisho wa karne ya 19. Mpelelezi ni mwanamke asiyekufa, Aya Rindo, ambaye mwili wake umeibiwa. Kimebaki kichwa tu, nacho kinachukuliwa ndani ya tundu la ndege. Anayechukua tundu ni Tsugaru Shinuchi, nusu mtu nusu zimwi, mwenye maneno mengi na mzaha usiokwisha. Wa tatu ni mtumishi, Shizuku Hasei, ambaye hacheki hata kidogo. Watatu hao wanazunguka kutafuta mwili ule, na njiani wanachungua mauaji ambayo polisi wanayaogopa, kwani aliyeuawa au anayeshtakiwa si mtu wa kawaida.

Ninataka kusema hasa juu ya sehemu tano za mwisho, toka ya 9 hata ya 13. Tuko Ujerumani, katika kijiji kimoja msituni. Wasichana wanauawa, na watu wote wa kijiji wanajua muuaji ni nani: ni mtu-mbwamwitu. Miaka ya nyuma walikwisha kumvumbua mama mmoja wa jamii hiyo aliyejificha kati yao pamoja na mtoto wake, wakawachoma moto ndani ya mnara. Sasa wanatafuta wa kuchoma tena. Lakini Shizuku anatengwa na wenzake, anaangukia upande wa pili, katika kijiji cha watu-mbwamwitu wenyewe. Na huko anakuta nini? Huko pia wasichana wanauawa, na huko pia kila mtu anajua muuaji ni nani: ni watu wa kijiji kile kingine. Vijiji viwili, maiti huku na huku, na pande zote mbili wanashika silaha.

Muuaji sitamtaja. Atakayetazama asininung'unikie kwamba nimemwibia mchezo.

Wasomaji wa hadithi za upelelezi wanajua kwamba kazi hii ina sheria zake, na aliyeziandika alikuwa padri. Ni Mwingereza Ronald Knox, mwongofu aliyepewa upadri katika Eklezya Katolika mwaka 1919, mlezi wa wanafunzi wakatolika wa Oxford, ambaye baadaye aliitafsiri Biblia nzima. Mwaka 1929 alitoa amri kumi za hadithi ya upelelezi, nusu kwa mzaha, nusu kwa kweli. Amri ya pili inafukuza kabisa mambo yanayopita maumbile: hakuna mzuka wala pepo atakayetatua fumbo wala kulifanya. Inaeleweka. Kama muuaji anaweza kupita ukutani, mbona tuuchunguze mlango?

Wajapani hawa wameivunja amri ile waziwazi, lakini wameivunja kwa akili. Zimwi lao lina sheria. Mtu-mbwamwitu ana nguvu hizi na hana zile. Anageuka namna hii na si namna nyingine. Harufu anaisikia, ukuta hapiti. Mambo hayo yanaelezwa mapema mbele ya mtazamaji, kiisha Aya anauliza maswali yale yale ambayo zuzi yeyote angeuliza. Nani alikuwa wapi? Alama hii ya miguu inatoka wapi, inakwenda wapi? Nani alimwona msichana wa mwisho, na katika mwanga gani? Na hapa ndipo sinema ilinishika. Katika kijiji kile watu-mbwamwitu wapo kweli. Si ndoto, si uongo. Hata hivyo kuwapo kwao hakujathibitisha neno lolote. Kwamba fulani ni mbwamwitu, hilo ni jambo moja. Kwamba fulani amemwua msichana huyu, usiku huu, hilo ni jambo jingine, nalo linaomba ushuhuda wake lenyewe.

Sisi mapadri na wakatekista, namna gani tunafanya mbele ya kesi ya ulozi? Mara nyingi tunashika swali la kwanza. Tunasimama kanisani na kufundisha kwamba mlozi hana uwezo, kwamba Augustino mtakatifu, katika kitabu cha 18 cha Mji wa Mungu, alicheka kwa upole hadithi za wanawake wa Italia waliosemwa kuwapa wasafiri jibini na kuwageuza wanyama wa mizigo; alifundisha kwamba pepo hawaumbi kitu, wanaweza tu kudanganya macho. Ni mafundisho ya kweli. Lakini familia iliyozika mtoto jana haisikilizi Augustino. Wanasema: padri amesoma sana, usiku wa kwetu haujui.

Mwenye kujua njia nyingine alikuwa Mjesuiti Friedrich Spee, naye alikuwa wa nchi ile ile ya Ujerumani. Si hadithi tu kwamba huko waliwachoma watu-mbwamwitu: mwaka 1589, karibu na Köln, mtu aitwaye Peter Stumpp aliuawa kwa mateso makali, baada ya kuungama chini ya mateso kwamba aligeuka mbwamwitu na kuwala watu. Mwaka 1631 Spee alitoa kitabu chake, Cautio Criminalis, bila kutia jina lake. Swali lake la kwanza ni kama wachawi wapo, naye anajibu ndiyo! Hakutaka kupoteza nguvu kwenye mlango ule. Kiisha, ukurasa kwa ukurasa, anaonyesha kwamba namna ya kuwahukumu ingemfanya mtu yeyote kuwa mchawi. Mshtakiwa akiogopa, ni alama ya hatia. Asipoogopa, ni alama ya hatia vilevile. Akiungama, amekwisha, akinyamaza chini ya mateso, shetani ndiye anayemfunga kinywa.

Lakini hapo hapo ndipo sinema inapopungukiwa. Mtu-mbwamwitu wa Wajapani ni rahisi kumtetea, kwani sheria zake zinajulikana. Mlozi wa vijiji vyetu hana sheria. Anaua akiwa amelala kitandani kwake. Anaua kutoka mbali, bila silaha. Ukileta mashahidi kumi kwamba alikuwa Bukavu siku ile, wanakujibu kwamba mwili wake ndio ulikuwa Bukavu. Shtaka limejengwa hivi ili ushuhuda usiliguse. Aya na tundu lake angefanya nini hapo? Nadhani angelazimika kumwacha mshtakiwa na kumrudia marehemu: mtoto huyu alikufa namna gani? Nalisema kwa sababu nililiona. Katika parokia niliyotumwa zamani kidogo, mtoto alikufa akitetemeka, akikataa maji, akipiga makelele kama mnyama. Mama mmoja mzee akashtakiwa. Mimi nilihubiri vizuri, na mahubiri yangu hayakusaidia kitu. Katekista hakuhubiri. Alikaa na ndugu za marehemu, akauliza juu ya majuma yaliyopita, kimoja kimoja, hata mdogo wa marehemu akasema juu ya mbwa aliyemwuma kaka yake njiani, karibu miezi miwili mbele. Ilikuwa kichaa cha mbwa. Mama mzee alikuwa amekwisha kukimbia. Sijui kama habari ile ilimfikia. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wamama wengine wazee hawakupata nafasi ya kukimbia.

Wenye umri watakumbuka pia watu-chui, Anioto, ambao wakubwa wetu walisimulia habari zao. Katika miaka ya 1930, upande wa Wamba na Beni, Wabelgiji waliwahukumu na kuwanyonga wengi. Muuaji alivaa nguo ya gome yenye madoa, akafunga makucha ya chuma, akakanyaga udongo kwa kijiti kilichochongwa kama mguu wa chui. Kile kijiti kinanifikirisha. Ni alama ya uongo iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoamini tayari. Bila imani ile kingekuwa kipande cha mti. Na kulikuwa pia na chui wa kweli porini, hata mara nyingine wakubwa wa teritwari hawakuweza kutenganisha mauaji haya na yale. Mtungaji wa Kijapani angefurahi na kesi kama hiyo, naye kijana wa kwetu mwenye kalamu asingojee Wajapani waiandike.

Sasa makosa. Mapigano ni marefu mno. Kila mara fumbo linapoanza kukaza, wanaingia watu wa kundi la Moriarty, au wawindaji wa kampuni ya asiransi, wanavunja nyumba dakika nyingi, na akili inakwenda kulala. Mzaha wa Tsugaru karibu na maiti ulinichukiza mwanzoni. Baadaye niliona kwamba unatoka katika ufundi wa wasimuliaji wa Kijapani, rakugo, ambao Hatakeyama aliufanyia sinema nyingine kabla ya hii, nikauvumilia. Wakati mwingine, nakiri, nilicheka. Neno lisilovumilika kwangu ni maji ya baraka. Katika sehemu za mwanzo, zenye mauaji katika nyumba ya mnyonya damu huko Ufaransa, maji yale yanafanya kazi kama asidi: yanaunguza ngozi, basi. Hakuna sala, hakuna imani, hakuna Eklezya inayoomba. Wajapani hawakukusudia kutukana. Wameyakuta hivyo katika sinema za Wazungu. Lakini wakristu wetu wengi wanaoweka chupa mlangoni nao wanafikiri hivyo hivyo, na katekista atakayetazama pamoja na vijana asiliache neno lile lipite.

Basi ndugu yangu, tazama. Mimi niliitazama pamoja na maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na hayo yanatosha. Kama nafasi ni kidogo, anza na sehemu ya 9, ruka mapigano, na kabla ya sehemu ya 13 zima chombo, uandike kwa karatasi jina la unayemdhania, pamoja na sababu. Mimi niliandika. Nilikosea, na nilikuwa nimemchagua yule ambaye sura yake haikunipendeza.