Tulipoitazama Kati Kati

Wako washarika wanaouliza kwa nini Mkristo akae saa nzima na robo akitazama filamu ya wafu. Wana haki ya kuuliza. Filamu nyingi za kutisha zinazotufikia hapa Singida hazina kitu zaidi ya damu na kelele, na asiyeziona hajapungukiwa. Lakini Kati Kati, filamu ya Kenya ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Mbithi Masya, ni ya namna nyingine. Hofu yake inaingia polepole, kama baridi ya Juni.

Kaleche anazinduka nyikani akiwa na gauni la hospitali, hajui amefikaje. Nyika yenyewe ni kame, mtu angedhani ni Manyoni wakati wa kiangazi. Anaikuta nyumba ya wageni iitwayo Kati Kati, na wakazi wake, wakiongozwa na kijana Thoma, wanamweleza kwamba amekufa, kama wao. Kila mmoja pale amebeba jambo ambalo hakulimaliza alipokuwa hai, na asipolikabili hatoki. Hayo tunaambiwa mapema. Siri kubwa iko mbele, nasi hatutaitoboa. Tutasema tu kwamba Thoma, aliyempokea Kaleche kwa upole tangu siku ya kwanza, anayajua maisha yake kuliko alivyomwambia.

Tuliitazama vijana na wazee pamoja, katika ukumbi wa usharika. Siri ilipofichuka, akina mama kadhaa waliguna. Kisha ukazuka ubishi: je, upole wa Thoma ulikuwa wa kweli, au alikuwa amejificha ndani yake? Wengine walimtetea kwa sababu alimpenda. Sisi tunaona mambo yote mawili yalikuwemo, na ndiyo maana filamu inauma. Angekuwa mwongo mtupu tungemhukumu na kwenda kulala.

Wazee wa Unyaturu hofu hii wanaifahamu. Katika miaka ya 1940 watu waliuawa vijijini, mauaji yakaonekana kama ya simba. Baadaye kesi za mauaji zikaendeshwa dhidi ya binadamu, na habari za simba-watu zinasimuliwa mpaka leo. Simba ukimwogopa unafunga mlango. Ukisikia muuaji huenda ni mtu wa kijijini, mlango unamfungia nani? Masya ameshika hofu ya jinsi hiyo, ingawa hakuna mnyama katika kisa chake.

Sisi Walutheri hatufundishi toharani, na atakayeitazama filamu hii kama mafundisho juu ya mauti atapotea njia. Tunaisoma kama habari ya walio hai. Kila Jumapili tunaungama dhambi pamoja, kwa maneno yaleyale, na ni vizuri. Ila maneno ya jumla yanaweza kuwa blanketi. Mtu anaungama na wenzake kwamba ametenda dhambi kwa mawazo, maneno na matendo, halafu anatoka nje na kumsalimia ndugu aliyemdhulumu shamba, hata neno moja juu ya shamba lile hasemi. Katekisimo Ndogo tuliyoikariri wakati wa kipaimara ina sehemu ya ungamo, nayo inataka mtu azitaje zile dhambi anazozijua na kuzisikia moyoni. Sehemu hiyo tunaipita haraka. Katika Kati Kati haipitiki: Thoma ana muda wote wa kusema, na kila siku anayonyamaza inaufanya upole wake uwe mzito zaidi kuubeba. Kile ambacho mtazamaji anakiita mshangao wa kisa ni ungamo lililochelewa tu.

Lipo jambo moja linalotufanya tusiridhike. Wakazi wa Kati Kati huondoka wakishakubaliana na yaliyopita, na kazi hiyo karibu yote wanaifanya ndani ya nafsi zao. Hatukumsikia mwenye mamlaka ya kumwambia mtu, umesamehewa. Mchungaji akitamka ondoleo, neno linatoka nje ya mtu na kumjia. Masya hakuliweka neno hilo, na pengine hakukusudia.

Mmoja wa wazee wa kanisa alikaa kimya mpaka taa zilipowashwa. Hakuuliza habari za Thoma hata kidogo. Aliuliza kama Kaleche, baada ya kuyajua yote yale, alidaiwa kusamehe siku ileile. Tulijibizana mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi, na vijana wameomba irudiwe mwezi ujao.