Hasla Anasukuma Nini?

Ukikata kutoka Barabara ya Namanga kuingia mitaa ya ndani ya Kitengela asubuhi, lazima umpishe mtu wa maji. Mitungi 15 ya lita 20 ni kilo 300, na hapo hujahesabu mbao na chuma za mkokoteni wenyewe. Muulize anafanya nini. Hatakwambia anauza maji. Atakwambia, "Nahaso tu, bro."

Neno hilo limetoka mbali. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kiholanzi, hutselen, kutikisa. Waingereza walilichukua katika karne ya 17, wakawa nalo kwenye kamari ya kutikisa sarafu ndani ya kofia. Karne iliyofuata likawa na maana ya kusukumana na kupigana vikumbo. Na penye vikumbo pana mifuko: kufikia karne ya 19, hustler alikuwa mwizi anayekusukuma huku mwenzake akikupora. (Ukiwahi kugombania matatu saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha, unamjua.) Wamarekani ndio waliomwosha uso, akawa mchapakazi, mtu asiyekaa bure. Lakini yule tapeli hakuwahi kuhama. Sisi tulipolipokea neno tulipewa nyumba yenye wapangaji wawili, na mara nyingi hatujui ni nani anayefungua mlango.

Halafu ikaja kampeni ya 2022. William Ruto, akiwa bado naibu wa rais, alijiita hasla dhidi ya watoto wa nasaba kubwa, na chama chake cha UDA kikachukua wilbaro kuwa alama. Kama kazi ya lugha, lazima tuipe heko. Mtu wa maji na mtu mwenye msafara wa magari waliingia kwenye nomino moja, na hakuna aliyesikia mlango ukikwaruza. Ila tazama ile alama tena. Ni wilbaro tu. Mwenye kuisukuma hayumo.

Kitenzi chetu kisingekubali hivyo. Kusukuma kunadai yambwa. Ukisema "nasukuma" ukanyamaza, mtu atakukazia macho: unasukuma nini? Hata mboga yetu inajua sarufi hii. Sukuma wiki ni sentensi nzima ya uchumi: kuna wiki, ni nzito, mshahara uko upande wa pili. Wafanyakazi wanaotoka Kitengela alfajiri kwenda viwanda vya EPZ kule Athi River hawahitaji kufafanuliwa. Mkokoteni nao umetokana na kukokota, kwa hiyo jina lenyewe linakukumbusha kuna mzigo nyuma yako. Ukienda kusini hadi soko la mifugo la Ilbisil, utamkuta mtu anaswaga ng'ombe, na kuswaga ni kitenzi kisichoweza kusimama bila mnyama.

Haso haina yambwa. Inaishia hapo hapo. Anayehaso haulizwi ni nini kinachomlemea, wala ni nani aliyekipakia, na nadhani ndiyo sababu wanasiasa walilipenda neno hili kuliko yote tuliyokuwa nayo.

Najua kuna watakaonikatiza hapa: "Sasa ulitaka tuitwe nani, vibarua?" Ni swali zuri kuliko linavyosikika. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku, kisha jina la karatasi likamkalia mwenyewe. Hasla lilikuwa jina la kwanza kwa muda mrefu ambalo mtu wa mkokoteni angeweza kulitamka kifua mbele. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli, na mimi siidharau. Ninachouliza ni ilimnunulia nini. Hasla Fund ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilimpa mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, alipe ndani ya siku 14. Yaani asukume wiki mbili, kisha arudi foleni.

Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Kitengela ikiwemo, neno lilikuwa limegeuka mikononi mwao. Hasla likawa kejeli ya kumrushia aliyelileta. Lakini hata kejeli haikulipa yambwa. Tulicheka, na mtungi bado ni lita 20.

Juzi yule mtu wa maji alikwama kwenye mtaro, gurudumu moja ndani, moja hewani. Nilikuwa napita na simu mkononi. Alisahau kabisa ile haso yake. Aliniita, "Kaka, nisukumie hapo nyuma." Nikaweka simu mfukoni.

Mitungi miwili ilimwagika kabla hatujautoa.