Mwenye Mtaimbo

Mlima Katahdin, ulio mrefu kuliko yote katika jimbo la Maine, Marekani, una mita 1,600 na ushei. Kwa aliyekulia chini ya Kibo cha Kilimanjaro, hicho ni kichuguu, mpaka aanze kukipanda. Njia ya Hunt inaanzia kijitoni, msituni, na katikati inaacha kabisa kuwa njia ya miguu: mikono nayo inadaiwa, na penye mwamba usioshikika wamepigilia vyuma vya kujivutia.

Ninayemsifu hapa si mpandaji. Wapandaji wanajisifu wenyewe. Namsifu fundi aliyepita kabla yetu na mtaimbo, akaijenga njia.

Tulipanda marafiki, na mmoja wetu ni mwashi. Sisi tulitazama juu, yeye akatazama chini. Kila kipandio cha jiwe alikikanyaga pembeni kuona kama kitatikisika. "Hakichezi," alisema, kama mtu anayetoa heshima shingo upande. Akatuonyesha: tunaloliona ni kipande tu cha jiwe, lililobaki limezikwa, la juu limelalia mgongo wa la chini, ili uzito wa mpitaji uzidi kuyakaza, nyuma yake zimeshindiliwa kokoto, kwa sababu udongo huondoka na mvua. Hapa na pale gogo au jiwe limelazwa mshazari kuikata njia. Mgeni hudhani ni kikwazo. Kumbe linayatoa maji njiani kabla hayajapata kasi. Njia ya mlimani huuawa na maji kuliko miguu. Ikipanda wima bila kinga hugeuka mfereji, na watu, kwa kukwepa tope, huitanua huku na huku mpaka majani yanakufa.

Juu ya mstari ambapo miti inakoma, fundi anahitaji hila zaidi. Mimea ya kule ni mifupi, inakua taratibu mno, na buti likishaing'oa hairudi upesi. Basi hupangwa mawe makubwa kandokando, yasiyokanyagika vizuri, na mpandaji anabaki njiani akidhani amechagua mwenyewe. Hakuna ubao wa kukataza utakaofanya kazi hiyo kwa adabu namna ile.

Mwandishi Henry David Thoreau alifika huku Septemba 1846, njia hizi hazijachongwa. Alifuata kijito, akawaacha wenzake nyuma, akaingia mawinguni na kugeuka bila kukiona kilele. Aliyoyaandika baadaye yanauonyesha mlima usiomtaka mtu, nami namwamini. Ila nashuku angekuwa na alama za rangi nyeupe mwamba kwa mwamba, na wenzake karibu, angeandika mengine. Sisi ukungu ulipotushukia tulizisaka moja moja, anayeiona akipaza sauti: "Nyingine hii!" Alama hizo ni za Njia ya Appalachian, inayotoka Georgia, kilomita 3,500 hivi, na kuishia kwenye kilele hiki.

Ardhi yenyewe ni zawadi. Percival Baxter, gavana wa Maine kuanzia 1921 hadi 1925, alishindwa kulishawishi bunge la jimbo kuununua mlima, akaanza kununua kwa fedha zake mwaka 1930, kipande baada ya kipande, mpaka zikapita ekari 200,000. Akawapa watu wa jimbo kwa sharti ibaki pori. Nadhani sharti hilo ndilo linalomtesa fundi: njia iwepo, isionekane imejengwa.

Kushuka ndiko kunakomuumbua. Wakati wa kupanda, kipandio kibovu unakivumilia. Wakati wa kushuka, goti halisamehi. Kikizidi kimo kidogo tu, watu wanakizunguka, na mmomonyoko unaanzia hapo hapo. Mwashi wetu alikipata kimoja, chini ya vile vyuma, akakipima kwa shubiri.

"Hapa alichoka," alisema.

"Au mvua ilimkuta, kaka," akajibiwa.

Wakabishana hivyo hadi kijitoni.