Ufundi wa Kulifuata Neno

Nadharia ya diskosi hulichukulia neno la kisiasa kama tendo. Anayeifanyia kazi haanzi kwa kuuliza kama kiongozi alisema kweli au uongo. Huuliza neno lile liliwapanga watu vipi: akina nani waliwekwa upande mmoja, akina nani wakasukumwa ng'ambo, na jambo gani lisilowezekana jana likawezekana leo kwa kuitwa jina jipya. Diskosi kwa maana hiyo ni maneno pamoja na sheria, desturi, majengo na hata namna ya kuitana, vyote vikipeana maana.

Waliolipa wazo hili umbo linalotumiwa zaidi katika siasa ni Ernesto Laclau wa Argentina na Chantal Mouffe wa Ubelgiji, katika kitabu chao cha 1985 kuhusu hegemonia na mkakati wa kijamaa. Kwa Antonio Gramsci, mwanafikra wa Kimarx wa Italia, walichukua hoja kwamba utawala hudumu kwa kuridhiwa, si kwa rungu peke yake; kwa wanaisimu, hoja kwamba neno hupata maana kwa kutofautiana na maneno mengine. Hawakusema kwamba nje ya maneno hakuna kitu, ingawa hushutumiwa hivyo mara nyingi. Kwa mfano, Mto Rufiji wa Tanzania ulipofurika 1968, maji yalikuwa maji. Kwa mkulima wa bondeni, mafuriko ndiyo yanayoacha udongo wenye unyevu wa kilimo cha mlau. Kwa serikali, mafuriko yaleyale yalikuwa janga, na sababu ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, juu ya bonde. Mtu aliyekuwa mkulima wa mlau akawa mwathirika wa kuokolewa, na mwathirika haulizwi sana anataka kuishi wapi.

Neno ujamaa lenyewe ndilo shule bora ya ufundi huu. Jamaa ni neno la nyumbani: watu wa ukoo, watu wanaokula chungu kimoja. Julius Nyerere, kiongozi wa Tanganyika na baadaye Tanzania, alilipandisha jukwaani katika kijitabu chake cha 1962, na kufikia Azimio la Arusha la 1967 neno hilo la sebuleni lilikuwa limebeba mabenki, viwanda vikubwa na masharti ya uongozi yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha. Mkulima wa pamba wa Usukumani, kuli wa bandari ya Dar es Salaam na mwalimu wa shule ya msingi hawakuwa na shida moja. Waliingia katika mnyororo mmoja kwa sababu wote walionyeshwa adui mmoja, mnyonyaji, na mnyonyaji akachorwa kama kupe, au kama mtu mwenye mirija. Aliyewahi kumbandua kupe kwenye ngozi ya ng'ombe hakuhitaji kufafanuliwa: mdudu yule hushiba bila kulima. Picha hiyo ilifanya kazi ambayo kurasa nyingi za nadharia ya uchumi zisingeiweza.

Hata hivyo, aliyelitoa neno hawezi kulifungia ndani. Mwongozo wa TANU, chama tawala, wa 1971 uliwakataza viongozi kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu. Ulitoka juu ili kuimarisha chama. Wafanyakazi wa viwandani wakaushika kama hati yao. Wakagoma, wakidai kwamba meneja anayewadharau anavunja Mwongozo, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendelea na uzalishaji wenyewe. Mchambuzi wa diskosi hukaa hapa kwa muda mrefu, na anastahili kukaa. Lugha ya dola iligeuzwa na watu waliokuwa wametarajiwa kuipigia makofi tu. Mtaani nako, neno wabenzi lilikuwa tayari limewaweka wakubwa wenye Mercedes upande uleule wa kupe.

Wanaoipinga nadharia hii husema kwamba inasahau njaa na bei. Si kweli inapofanywa vizuri. Miaka ya mwanzo ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu kweli madukani Tanzania, na sababu zake zilikuwa nje ya maneno: bei ya mafuta, gharama za vita vya Kagera dhidi ya Uganda, uzalishaji ulioanguka. Lakini katoni ya sabuni iliyofichwa uvunguni ilihitaji jina. Katika kampeni ya 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwenye katoni ile aliitwa mhujumu uchumi, na jina hilo likamfikisha mbele ya sheria maalumu. Wengine walitupa mali zao porini ili wasikutwe nazo. Baada ya milango ya biashara kufunguliwa, mtu wa aina hiyohiyo akaitwa mfanyabiashara, na baadaye mjasiriamali. Sabuni ilibaki sabuni.

Ufundi huu haufanywi kwa haraka. Unataka magazeti ya zamani, hotuba, kumbukumbu za mikutano, vibonzo, na sikio la mtu anayeijua lugha kwa ndani, kwa kuwa kamusi haitamwambia mchambuzi tofauti ya ndugu wa nyumbani na Ndugu wa chama. Jan Blommaert, mwanaisimu wa Ubelgiji, aliifuata kwa subira hiyo itikadi ya dola katika Kiswahili cha Tanzania, katika kitabu chake cha 1999. Anayegonga istilahi za Laclau juu ya kila hotuba kama muhuri hajaufikia ufundi wenyewe.

Mwaka 1991, kikao cha CCM, chama kilichoirithi TANU, huko Zanzibar kililegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Neno ujamaa halikufutwa. Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano bado inaitaja nchi kuwa ya kijamaa, na ibara ya 151 inaueleza ujamaa kwa kutaja demokrasia, kujitegemea, uhuru, usawa, udugu na umoja. Benki na viwanda havimo katika maelezo hayo.