Toleo Ambalo Halikufika Nyakakika

Mwalimu alilaza kiganja juu ya ukurasa, akafunika vichwa vya watu wote waliochorwa, akabakiza miili tu, kuanzia mabegani kwenda chini. Kisha akawageukia waliokuwa wakingoja zamu ya kunyolewa. "Haya, nitajieni. Huyu nani? Na huyu?"

"Huyo Lodi Lofa," alijibu mzee mmoja kutoka kwenye benchi, hata kabla swali halijaisha. "Na huyo mdogo ni Madenge. Mwalimu, wale hata ungewafunika shuka nzima ningewajua."

Ilikuwa siku ya gulio hapa Nyakakika, wilayani Karagwe. Mvua ilikuwa imetukusanya katika kibanda cha kinyozi: wauza ndizi, waendesha bodaboda, mimi niliyekuja likizo, na Mwalimu, ambaye amestaafu siku nyingi lakini hakuna anayemwita kwa jina jingine. Mkononi alikuwa na magazeti yake ya vibonzo ya Sani ndani ya mfuko wa nailoni. Miaka yote ameyaweka katika sanduku la bati chini ya kitanda, na bado mchwa wameyafikia pembeni. Kijana mmoja alikuwa amesema kwamba wachoraji wa leo wanawazidi wa zamani kwa mbali. Mwalimu hakubishana naye kwa mdomo. Alikwenda nyumbani kwenye mvua ileile, akarudi na ushahidi.

Kwetu sisi gazeti lilikuwa mgeni wa mbali. Katika miaka ya 1980, kilichochapwa Dar es Salaam kilipanda treni hadi Mwanza, kikavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, kikapandishwa kwenye lori kupitia Kyaka, pale ambapo majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja mwaka 1978, ndipo kikafika Omurushaka na Kayanga. Hadi kinaingia Nyakakika, kilikuwa kimeshasomwa na dereva, na utingo, na karani wa ushirika, na mke wa karani. Kurasa zilinuka dizeli. Hatukujali tarehe iliyoandikwa juu. Lililofika leo ndilo lililokuwa la leo.

Kulikuwa na hadithi moja ya picha iliyotushika roho sote. Kisanduku chake cha mwisho kilimwonyesha msichana ameweka mkono kwenye komeo la mlango. Nje kuna mtu anabisha hodi, na anayebisha haonekani. Chini yake likaandikwa neno lile tulilolipenda na kulichukia: itaendelea. Tukangoja. Lori likaja bila toleo lililofuata. Likaja jingine, nalo likaleta toleo la baada ya hapo, ambamo msichana yule alikuwa tayari yuko safarini, analia, na hakuna aliyejua kwa nini. Nani alibisha hodi? Tulibishana kisimani, tukabishana tukichambua kahawa, wakubwa wakatukaripia nao wakabishana. Marehemu kaka yangu hakuvumilia. Alichukua daftari la hesabu, akalipiga mistari kwa rula, na kwa mwanga wa koroboi akalichora toleo lililokosekana, kurasa nne, kwa kalamu ya wino wa buluu. Hakuwahi kuona mji, kwa hiyo alichora alichokijua. Nyumba ya msichana ikapata migomba nyuma yake. Mgeni mlangoni akawa shangazi, na mkononi akashika kikapu cha senene. Daftari lile lilizunguka kijiji kizima kama magazeti mengine yalivyozunguka, na kama mengine, halikurudi.

Nimelifikiria daftari hilo mara nyingi kuliko vitabu vyote nilivyosomeshwa. Naamini lilinifundisha kazi ya vibonzo ilivyo. Mchora vibonzo hakuonyeshi kila kitu. Anakupa mkono ulioinuliwa, halafu anakupa mtu aliyeanguka, na katikati ya visanduku hivyo viwili ameacha uwazi mweupe wenye upana wa kucha. Kofi unalipiga wewe msomaji. Fundi hodari anajua nini aache ndani ya uwazi ule, na anamwamini msomaji wake, hata awe mtoto wa Karagwe asiyevaa viatu, kwamba ataujaza. Kaka yangu aliujaza uwazi wa toleo zima.

Na mstari! Kabla ya Sani, katika Uhuru, gazeti la chama, Christian Gregory alikuwa ametupa Chakubanga, tangu mwaka 1967, akapendwa hadi wapo wazee ambao mpaka leo kibonzo chochote hukiita chakubanga. Philip Ndunguru alikuja baadaye na Sani, akatuletea Kipepe, Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge, watu ambao majina yao tuliwapachika jirani zetu bila kuwaomba ruhusa. Kila kijiji kilikuwa na ndumilakuwili wake. Chetu kilikuwa na wawili. Karatasi ya gazeti wakati ule ilikuwa dhaifu, inanyonya wino kama mchanga unavyonyonya maji. Mchoraji aliyejaza vistari vidogovidogo vya vivuli alijiharibia mwenyewe, maana mashine ilivigeuza kuwa doa jeusi. Ilimbidi achague. Mstari mmoja wa mgongo, mmoja wa goti, na basi. Kutokana na umaskini ule wa karatasi ukatoka utajiri wa mkono. Mgongo wa mtu anayedaiwa haulingani na mgongo wa mtu anayedai, na Ndunguru alijua wapi mstari upinde ili hata asiyejua kusoma, na walikuwepo wengi waliotazama picha zile wakasomewa maneno, acheke kabla ya kusomewa.

Kusema mengi kwa mstari mmoja si jambo geni katika nchi hii. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme wetu, Mukama Rumanyika, mwaka 1861, wahunzi wa Karagwe walikuwa mabingwa wa chuma, na hazina ya ikulu yake ya Bweranyange ilikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Mhunzi hakuhangaika na manyoya wala kwato. Pembe zile ndefu, zilivyojipinda kwenda juu, zilitosha kumwambia mtu kwamba huyu ni ng'ombe, tena ni ng'ombe wa kwetu. Ninapoutazama mstari wa Ndunguru naziona pembe zile.

Ndunguru alifariki mwaka 1986, bado kijana. Hapo ndipo ubishi wa kibandani ulipopata moto, kwa sababu watu wake hawakuzikwa naye. Mikono mingine iliwachukua ikaendelea kuwachora. Mwalimu ana msimamo mkali: anasema aliendelea kuwasoma, lakini kama mtu anavyomtembelea mjane, kwa heshima tu. Mzee wa benchini alimkatalia. "Mwalimu, usiseme hivyo. Mtoto akifiwa na baba, si hulelewa na baba mdogo? Hufi njaa kwa kuwa sura ya mlezi imebadilika."

Duniani watu wamelitatua jambo hili kwa njia mbalimbali. Hergé wa Ubelgiji, aliyemchora Tintin, hakutaka mtu mwingine aendelee na mhusika wake, na alipofariki mwaka 1983 Tintin alinyamaza. Wamarekani wao wamemchora Superman tangu mwaka 1938 kwa mikono isiyohesabika, na kila kizazi kinamdai kuwa wake. Kwa jirani zetu Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa mkono wake mwenyewe kwa zaidi ya nusu karne, bahati ambayo Ndunguru hakuipata. Mimi namuunga mkono mzee wa benchini. Kipepe alikuwa ameshakuwa wetu, na kumzika kungekuwa kutuzika nasi. Ila Mwalimu naye ana haki ya kuomboleza. Walioshika kalamu baada ya Ndunguru walichukua sura, mavazi na majina. Ule mpindo wa goti haukuwa kitu cha kurithishwa.

Kinyozi alizima mashine yake, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ndogo. "Mwalimu, naomba nami niseme. Kipanya je? Masoud anachora kisanduku kimoja, kipanya kidogo, maneno mawili, nchi nzima inaongea. Huo si mstari?"

Mwalimu alitafakari. "Huo ni mstari, mwanangu. Nakubali. Ally Masoud ana mkono. Na Gado, kijana wetu wa Dar es Salaam aliyekwenda kwenye gazeti la Nation kule Nairobi mwaka 1992, naye ana mkono na jicho. Lakini kisanduku kimoja ni methali. Mimi nimelilia hadithi."

Neno hilo lilinigusa, maana ndilo nililokuwa nikilitafuta. Vibonzo vya siasa vinaishi, tena vina ujasiri ambao enzi za gazeti la chama hazikuuruhusu. Kilichopungua ni hadithi ndefu ya watu wa kawaida wasiotafuta kutufundisha lolote. Hapa Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mwaka 1983, na miaka iliyofuata vilifika vijarida vya picha vya kutuonya. Sitavilaumu, tulizika sana, na onyo lilihitajika. Lakini baadaye kila kijarida kilichofika kilikuwa na somo: chandarua, akiba, mbolea. Hata jarida la Shujaaz, lililoanzia Kenya mwaka 2010 na kisha likaingia kwetu, lenye rangi nzuri na lugha ya vijana wenyewe, lina ujumbe wa kufikisha. Msomaji anaunusa ujumbe tangu kisanduku cha pili. Hakuna anayelala akijiuliza nani amebisha hodi.

Kijana wa bodaboda alitoa simu yake, akatuonyesha hadithi mpya ya picha aliyotumiwa kwenye kundi. Rangi zilimeremeta. Vivuli vilikuwa laini kama picha ya studio. Mwalimu aliomba aishike. Akaweka kidole gumba juu ya vichwa, kama alivyofanya kwenye karatasi, akatutazama. Miili iliyobaki ilikuwa mwili mmoja uleule uliorudiwa, mabega mapana, kiuno chembamba, umesimama wima. Baba na mwana, tajiri na mdeni, wote wamesimama kwa namna moja. Hakuna aliyesema kitu. Kijana mwenyewe aliichukua simu yake, akaitazama tena kwa muda mrefu, kana kwamba alikuwa hajawahi kuiona. Sikuona raha kwa kushindwa kwake. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini na ukurasa mmoja akamwambia tazama goti, tazama mgongo. Sisi tuliokuwa na magazeti tuliyafungia chini ya vitanda.

Mvua ilipungua. Mwalimu alianza kuyapanga magazeti yake kwa namba kabla ya kuyarudisha mfukoni, nami nikamwomba anipe nafasi nitafute. Nilipekua nikiwa roho juu. Nilimkuta msichana na komeo la mlango, karatasi imekuwa rangi ya majani ya chai. Chini yake likafuata toleo la safari na machozi. Katikati hapakuwa na kitu.

"Hilo mimi sina," Mwalimu alisema. "Halikufika huku. Lile lori halikulileta."

"Lilifika bwana," mzee wa benchini alisema. Alikuwa ameshasimama, anakung'uta kofia yake tayari kwa kutoka. "Mimi nililisoma. Niliazimwa usiku mmoja tu, nikalisoma mara mbili. Aliyebisha hodi alikuwa shangazi yake. Amesimama pale mlangoni, migomba nyuma yake, na kikapu cha senene mkononi."