Dirisha Jeupe: Namna ya Kugandua Programu ya Windows

Mtunza stoo wa duka la jumla anafungua programu yake ya hesabu, anachagua faili la Excel lenye bidhaa 40,000, kisha anabofya kitufe cha Ingiza. Kimya. Anabofya tena, na tena. Baada ya sekunde chache dirisha lote linapauka na kuwa jeupe, na juu yake, kando ya jina la programu, yanatokea maneno "Not Responding". Anaitwa fundi. Fundi anasema kompyuta imechoka, iongezwe RAM.

RAM itanunuliwa na dirisha litaendelea kuganda. Mara nyingi katika hali ya namna hii mashine haina kosa, na hata kazi yenyewe inakwenda vizuri: faili linasomwa, bidhaa zinaingia kwenye hifadhidata moja baada ya nyingine. Kilichokosekana ni kwamba programu haijarudi kusoma ujumbe wake. Karibu kila dirisha linaloganda lina asili hiyo moja, na anayeandika programu za Windows akishaielewa ataacha kubahatisha dawa.

Windows, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1985, huendesha madirisha kwa ujumbe. Ukibofya kipanya au ukigonga herufi kwenye kibodi, mfumo huandaa ujumbe kwa ajili ya thredi iliyoliunda dirisha linalohusika, nao unasubiri zamu kwenye foleni. Thredi ni mkondo wa utekelezaji: amri moja, halafu inayofuata. Kazi ya thredi hii ni kuzunguka. GetMessage inachukua ujumbe, DispatchMessage inaupeleka kwenye metodi inayohusika, metodi ikimaliza thredi inarudi kuchukua mwingine. Kubofya Ingiza ni ujumbe kama ujumbe mwingine wowote. Metodi ya kitufe ikitumia sekunde 30 kusoma faili, foleni nzima itasubiri sekunde 30.

Hata kujichora kwa dirisha ni ujumbe, unaoitwa WM_PAINT, na huo hauna haraka: Windows huutoa pale ambapo foleni haina ujumbe mwingine wa kushughulikia. Ndiyo maana wengi hushangaa kuona kwamba wameandika kwenye lebo "Mstari wa 500 kati ya 40,000", msimbo unapita hapo bila hitilafu, lakini skrini haibadiliki mpaka kazi yote iishe. Maandishi ya lebo yamebadilika kwenye kumbukumbu. Nafasi ya kuyachora ndiyo haijapatikana.

Thredi ikikaa sekunde 5 bila kuigusa foleni yake, Windows huihesabu kuwa haiitikii. Kuanzia Windows XP, mfumo huliondoa dirisha lako machoni na kuweka jingine mahali pale pale, lenye ukubwa ule ule, ili mtumiaji aweze angalau kulisogeza au kulifunga. Kwa hiyo lile jeupe si dirisha lako, ni kivuli chake. Ipo fanksheni ya kuzuia kivuli hicho, DisableProcessWindowsGhosting, na wapo wanaoiita wakadhani wamemaliza tatizo. Wameficha dalili tu, na mtumiaji amebaki na dirisha lisilosogezeka wala kufungika.

Weupe si madhara makubwa. Madhara makubwa yako kwenye ile mibofyo ya pili na ya tatu, aliyoibofya mtunza stoo kabla kivuli hakijaja. Haikupotea, imepanga foleni. Metodi ya Ingiza ikimaliza, thredi inarudi kwenye foleni, inaukuta mbofyo wa pili na kuanza kuingiza faili lile lile upya. Asubuhi duka lina katoni za sabuni maradufu kwenye vitabu kuliko zilizoko rafuni.

Mwandishi mwangalifu atasema: nitakizima kitufe mwanzoni mwa metodi, niweke Enabled kuwa false, halafu nikiwashe mwishoni. Haisaidii hata kidogo, na sababu yake ni muhimu kuliko maelezo marefu ya vitabuni. Kitufe kilizimwa na kikawashwa ndani ya ujumbe uleule mmoja. Mbofyo wa pili unapofika zamu yake, metodi imeshamaliza na kitufe kimeshawashwa, hivyo unakubaliwa kama kawaida. Kwa mtazamo wa foleni, kitufe hakikuwahi kuzimwa.

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika Windows 3.1 programu zilipokezana kwa hiari, na moja ikikataa kurudi kwenye foleni, kompyuta nzima ilisimama nayo. Kuanzia Windows NT na Windows 95 kila thredi ikapewa foleni yake, hivyo inayoganda inaganda peke yake. Lakini ndani ya programu yenyewe tatizo lilibaki, na waliokuwa wakiandika Visual Basic waliipenda sana dawa moja: DoEvents. Unaiweka katikati ya mzunguko wako, kila baada ya mistari kadhaa, nayo inashughulikia ujumbe uliosubiri kisha inarudi kuendelea na kazi. Lebo inachorwa, dirisha linasogea, mteja anafurahi.

Iko mpaka leo kwenye Windows Forms, maktaba ya madirisha ya .NET, kwa jina la Application.DoEvents, na ningeomba kila anayeifikiria ajiulize swali moja: ujumbe unaoshughulikiwa hapo katikati ni upi? Ni wowote. Ukiwa ni mbofyo mwingine wa Ingiza, na kitufe hakijazimwa, basi kazi ya pili inaanza ndani ya tumbo la kazi ya kwanza, na ya kwanza haiwezi kuendelea hadi ya pili iishe. Ukiwa ni agizo la kufunga dirisha, linafungwa, kisha mzunguko wako unaendelea kuandika kwenye lebo ya dirisha ambalo halipo. Hitilafu za aina hii hazitokei ofisini kwa mwandishi, maana yeye anajua kusubiri. Hutokea kwa mteja.

Njia sahihi ni kuitoa kazi nzito kwenye thredi ya dirisha na kuipeleka thredi nyingine. Hapo ndipo wengi hukutana na ukuta wa pili. Ile thredi mpya ikijaribu kubadilisha lebo, .NET inatupa hitilafu inayosema "Cross-thread operation not valid". Ukaguzi huo uliletwa na .NET 2.0 mwaka 2005, na hufanyika unapoendesha programu ndani ya kitatuzi (debugger). Mtu mwenye haraka hugundua kwamba sifa iitwayo CheckForIllegalCrossThreadCalls ikiwekwa false, ukaguzi unazima na programu inatembea. Inatembea, ila kwa bahati. Dirisha ni mali ya thredi iliyoliunda. Thredi ngeni ikiandika kwenye lebo, kwa ndani inatuma ujumbe kwa thredi mwenyeji na kusimama kungoja jibu; ikiwa mwenyeji naye wakati huo amesimama akiisubiri hiyo ngeni imalize, zote mbili zitakaa hapo mpaka mtu azime programu.

Utaratibu halali ulikuwepo tangu mwanzo: Control.Invoke hupeleka kipande cha msimbo kwa thredi mwenyeji na kusubiri kitekelezwe, BeginInvoke hupeleka na kuendelea na safari. Kisha ikaja BackgroundWorker, iliyopanga mambo hayo vizuri: kazi kwenye DoWork, taarifa kwenye ProgressChanged, hitimisho kwenye RunWorkerCompleted. Iliwasaidia wengi, na programu zinazoitumia hazina haja ya kubomolewa. Udhaifu wake ni kwamba kazi moja yenye mtiririko mmoja inakatwakatwa kwenye metodi tatu, na ukiwa na hatua nne zinazofuatana msimbo unakuwa mgumu kusomeka.

Mwaka 2012 lugha ya C# ilifika toleo la 5 ikiwa na async na await. Kitufe chetu sasa kinaandikwa hivi:

```
private async void btnIngiza_Click(object sender, EventArgs e)
{
    btnIngiza.Enabled = false;
    try
    {
        var bidhaa = await Task.Run(() => SomaFaili(njia));
        OnyeshaOrodha(bidhaa);
    }
    catch (Exception hitilafu)
    {
        MessageBox.Show(hitilafu.Message);
    }
    finally
    {
        btnIngiza.Enabled = true;
    }
}
```

Tazama mstari wenye await. Unasomeka kama amri ya kawaida inayosubiri jibu, lakini thredi ya dirisha haisubiri chochote. Ikifika hapo inatoka kwenye metodi na kurudi kwenye foleni yake, wakati SomaFaili inaendelea kwingine. Kompaila imeikata metodi vipande viwili bila kukusumbua. Kusoma kukiisha, kipande cha pili kinapaswa kurudi kwa thredi mwenyeji, na kinarudije? Kwa ujumbe kwenye foleni. Kitu kiitwacho SynchronizationContext ndicho kinachokumbuka kazi ilitoka wapi, na kile cha Windows Forms kwa ndani hutumia BeginInvoke ileile ya zamani. Huo ndio uzuri ninaouona katika ubunifu huu: hawakubuni barabara mpya, walimpa mwandishi namna nyepesi ya kupita kwenye ile iliyokuwepo.

Na sasa kuzima kitufe kunafanya kazi. Await imeirudisha thredi kwenye foleni kitufe kikiwa kimezimwa, hivyo mbofyo wa pili unafika zamu yake wakati huohuo na kuangukia kwenye kitufe kisichopokea. Bidhaa zinaingia mara moja.

Ile async void isikuzoeshe vibaya. Inafaa kwa metodi za matukio kama hii tu, kwa kuwa anayeiita hawezi kuisubiri wala kuikamata hitilafu yake. Ndiyo maana try na catch zimo humo humo ndani. Kwingine kote rudisha Task.

Mtego mkubwa wa awamu hii uko kwenye neno moja: Result. Mtu ana metodi ya zamani isiyo na async, anataka jibu la PakuaBeiAsync, anaona usumbufu kubadilisha kila kitu, basi anaandika PakuaBeiAsync().Result. Programu inaganda milele, si sekunde 30. Fuata hatua: thredi ya dirisha imesimama kwenye Result ikisubiri kazi iishe. Ndani ya PakuaBeiAsync kuna await, na kipande kilichobaki baada yake kimewekwa kwenye foleni ya thredi ya dirisha. Thredi hiyo haisomi foleni, imesimama. Kipande hakitekelezwi, kazi haiishi, Result haipati jibu. Cha kutatiza zaidi, msimbo uleule ukijaribiwa kwenye programu ya konsoli (console) unapita bila shida, kwa sababu huko hakuna SynchronizationContext ya kuurudisha popote. Tiba ni kupandisha async mpaka juu kwenye tukio la kitufe. Anayeandika maktaba itakayotumiwa na wengine aongeze ConfigureAwait(false), ili msimbo wake usidai kurudi kwa thredi ya dirisha bila sababu.

Baada ya yote hayo, kazi nzito ikiwa imetoka, dirisha linaweza kuganda tena kwenye OnyeshaOrodha. Kuweka mistari 40,000 kwenye ListView ni kazi ya dirisha lenyewe, na hakuna thredi nyingine ya kuipeleka. Ukiongeza mstari mmoja mmoja, orodha inajipanga upya kila mara. BeginUpdate kabla na EndUpdate baada, pamoja na AddRange, hupunguza muda huo sana. Lakini swali lenyewe ni kwa nini uiingize yote, ikiwa skrini inaonyesha mistari 30 kwa wakati. Weka VirtualMode kuwa true, ipe VirtualListSize idadi ya bidhaa, na orodha itakuuliza kupitia tukio la RetrieveVirtualItem mistari inayohitaji kuonyesha. Data inabaki kwenye safu yako ya kawaida kwenye kumbukumbu. Orodha ya laki nne hufunguka upesi kama ya mia nne.

Taarifa za maendeleo nazo zinahitaji kiasi. Progress<T> ikiundwa kwenye thredi ya dirisha hurudisha taarifa hapo yenyewe, ila kila taarifa ni ujumbe, na foleni moja kwa kawaida ina kikomo cha ujumbe 10,000. Ukiripoti kila mstari unaosomwa, utakuwa umeijaza foleni uliyotaka kuinusuru, na WM_PAINT itakosa tena nafasi. Mara 10 kwa sekunde inatosha jicho la binadamu.

Linabaki suala la mtu anayefunga dirisha kazi ikiwa katikati, jambo ambalo sasa linawezekana kwa kuwa dirisha liko hai. Kwenye tukio la FormClosing, kama kazi inaendelea, weka e.Cancel kuwa true, ita Cancel kwenye CancellationTokenSource yako (kitu kinachotoa tokeni ya kusitisha kazi), na dirisha ulifunge mwenyewe baada ya await kurudi. SomaFaili nayo lazima iikague tokeni hiyo kila baada ya mistari kadhaa, maana hakuna anayeikatiza kwa nguvu. Na kule kwenye hifadhidata, bidhaa zote ziingizwe ndani ya muamala mmoja, ili kazi ikikatizwa kwenye mstari wa 17,000, muamala urudishwe nyuma na faili liweze kuingizwa tena kesho tangu mstari wa kwanza.